SAFARI YA OBOKANO: WALITAKA BRAZIL, RAMANI IKAONYESHA UNGUJA

Kila mwaka, kati ya Februari na siku za mwanzo za Machi, televisheni za mikahawa ya Keroka na Nyamira huonyesha picha za mji wa Rio de Janeiro kwa dakika mbili tatu hivi, mara tu habari za michezo zinapomalizika. Watu wamevaa manyoya ya ndege yanayozidi kimo chao. Magari makubwa kama nyumba yanasukumwa barabarani yakiwa yamejaa wachezaji. Ngoma zinalia. Wazee hugeuza nyuso upande wa ukuta, vijana husogeza viti karibu, na mwenye mkahawa huongeza sauti kidogo bila kuombwa. Halafu hufuata habari za hali ya hewa, na kila mtu hurudia chai yake.

Kwa kawaida mambo huishia hapo. Lakini katika kikundi chetu cha ngoma hayakuishia hapo. Tuko wanachama ishirini na wanne, wengi wao kina mama wakulima wa majani chai, vijana kadhaa wa bodaboda, na mzee mmoja mpigaji wa obokano ambaye ndiye nguzo ya kikundi. Mimi ni katibu, kwa sababu ambayo walimu wengi wanaijua: mwenye kalamu ndiye hupewa daftari. Siku moja ya mkutano, kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi alisimama akauliza swali lake bila kupinda: ikiwa watu wa Brazil wanacheza ngoma zilizotoka Afrika, kwa nini sisi wenye ngoma tukae nyumbani tukiwatazama?

Hakuna aliyecheka. Mama Mwekahazina alinigeukia akasema, "Mwalimu, wewe ndiye unayejua kusoma makaratasi. Nenda utafute habari zote, kuanzia nauli mpaka chakula, utuletee." Basi nikaagizwa. Haya ninayokuandikia, msomaji mpenzi, sehemu yake ni ripoti niliyowasomea wenzangu, na sehemu nyingine ni mambo ambayo hayakufaa kutiwa katika daftari la chama.

SIKU ZINAHESABIWA KUTOKA PASAKA

Jambo la kwanza kwa mtu anayepanga safari ni tarehe, na karnivali haina tarehe moja. Ni sikukuu ya kuaga nyama kabla ya Kwaresima, kwa hiyo inahesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka Pasaka. Kilele chake ni siku zinazotangulia Jumatano ya Majivu. Mwaka 2026 Jumatano hiyo ilikuwa tarehe 18 Februari. Mwaka 2027 itakuwa tarehe 10 Februari. Anayekata tiketi bila kutazama kalenda ya kanisa anaweza kufika Rio akakuta watu wanafagia manyoya.

Tena karnivali si moja. Ile inayoonekana katika televisheni ni mashindano ya shule za samba za Rio, yanayofanyika katika uwanja mrefu uitwao Sambódromo, uliochorwa na mjenzi mashuhuri Oscar Niemeyer na kufunguliwa mwaka 1984. Njia yenyewe ina urefu wa kama mita 700, na kila shule hupita na maelfu ya watu kwa muda uliopimwa kwa saa. Ikizidisha dakika hukatwa maksi. Shule za daraja la juu ni kumi na mbili. Tangu mwaka 2025 hugawanywa katika usiku tatu, Jumapili, Jumatatu na Jumanne, badala ya mbili kama ilivyokuwa zamani. Watazamaji hununua tiketi. Lakini mitaani kuna makundi mengine mamia kwa mamia ambayo hayamtozi mtu senti, na huko ndiko Mbrazil wa kawaida huchezea. Huko Salvador, katika jimbo la Bahia, na huko Recife, kuna karnivali nyingine kabisa, zenye mapigo yao.

Neno "shule" lilinivutia, ndugu msomaji, na utanisamehe nikikaa hapo kidogo. Shule ya kwanza iliyojulikana kwa jina hilo ni Deixa Falar, iliyoanzishwa mwaka 1928 katika mtaa wa Estácio, mtaa wa watu maskini, wengi wao wajukuu wa watumwa. Utumwa Brazil ulikomeshwa mwaka 1888 tu. Ismael Silva, mmoja wa waanzilishi, alieleza kwamba waliiita shule kwa kuwa karibu yao palikuwa na chuo cha kufundishia walimu. Ikiwa pale wanatengenezwa walimu, walisema, hapa kwetu wanatengenezwa walimu wa samba. Niliposoma maneno hayo kikundini, kina mama walipiga vigelegele, nami nikasimama wima zaidi.

Inasimuliwa pia kwamba katika shule hiyo hiyo Alcebíades Barcelos, aliyejulikana kama Bide, ndiye aliyetengeneza ile ngoma kubwa ya samba iitwayo surdo, na kwamba aliitengeneza kwa debe kubwa la siagi. Mzee wetu wa obokano alilisikiliza hilo kwa makini. "Debe?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, debe. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za jamaa yake wa mbali.

Na si debe peke yake lililotufanya tuwaone watu wale kama jamaa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini wapigaji samba wa Rio walikuwa wakifukuzwa na polisi, wakihesabiwa kuwa wazururaji. Hapa Gusii, wamisionari walipofika mwanzoni mwa miaka ya 1910, Wakatoliki Nyabururu na Waadventista Nyanchwa, muumini mzuri alitazamiwa kuachana na ngoma za kienyeji, kwa kuwa zilifuatana na pombe na mizimu. Yako maboma ambapo obokano lilifichwa darini likatoboka ngozi humo humo. Brazil watu walishika debe wakaendelea mpaka serikali ikawajengea uwanja. Kwetu obokano lilishuka kutoka darini polepole sana, likapitia mashindano ya muziki ya shule na sherehe za kitaifa, na hata leo lina wapigaji wachache.

HESABU HAINA UDUGU

Sasa nauli. Hakuna ndege inayotoka Nairobi moja kwa moja hadi Brazil. Unaweza kupita Addis Ababa, ambako shirika la ndege la Ethiopia lina safari ya kwenda São Paulo, au Johannesburg, au ukazunguka kupitia nchi za Ghuba au Ulaya. Kutoka São Paulo hadi Rio ni mwendo wa kilomita zaidi ya 400, ambao watu wengi huufanya kwa basi. Tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi haipatikani chini ya shilingi laki moja, na majira ya karnivali hupanda zaidi. Hapo bado malazi, ambayo Rio katika wiki hiyo hupanda bei kama mahindi wakati wa ukame. Bado viza, bado cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Katika akaunti yetu tulikuwa na shilingi 186,000, akiba ya miaka minne. Fedha hizo zingempeleka mtu mmoja, na labda mguu mmoja wa mtu wa pili.

Niliandika hesabu hiyo ubaoni, maana tunakutana katika darasa la shule ya msingi siku za Jumapili alasiri, nikaiacha pale bila kusema neno. Ukimya ulikuwa mrefu. Ndipo mmoja wetu akasema kwamba yuko bwana fulani, anayejiita wakala wa safari za kitamaduni, ambaye anaweza kutupatia "mwaliko rasmi wa karnivali", na mwaliko huo ukiisha kutoka, Wabrazil wenyewe watalipa kila kitu. Kinachotakiwa ni ada ya kuandikishwa, shilingi 15,000 kwa kila mtu, na alitaka zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Bwana huyo simtaji jina, wala sina haja. Alikuja kikundini akiwa amevaa suti, mkononi ana picha za wanawake wenye manyoya. Nilimwuliza swali moja: ni shule gani ya samba inayotualika? Akasema ni zote. Nikamweleza yale niliyokuwa nimeyasoma: kwamba kila shule huchagua hadithi yake ya mwaka miezi mingi kabla, hushindanisha watunzi mpaka wimbo mmoja upatikane, na hufanya mazoezi wiki baada ya wiki, kwamba wapiga ngoma wake hawaokotwi njiani, bali ni watu wa mtaa ule ule wanaopiga mwaka mzima, na kwamba mgeni anayetaka tu kutembea na shule hununua vazi lake, akajifunza wimbo, akapangwa katika kundi lake. Hakuna mwaliko unaouzwa Kisii.

Bwana yule alitabasamu akasema mambo yamebadilika. Mama Mwekahazina, ambaye alikuwa kimya muda wote akishona kitambaa, aliinua kichwa akamwambia, "Baba, pesa hizi ni bonasi ya majani. Zimechumwa kwa vidole hivi. Wewe tuletee kwanza barua yenye jina la shule na namba ya simu ya Brazil, sisi tuipige mbele yako." Bwana yule akaahidi kuileta. Mpaka leo hajaonekana, na nimesikia kwamba vikundi vingine viwili katika wilaya jirani vilimlipa. Nayaandika haya kwa kuwa msomaji mwenye kikundi kama chetu huenda akatembelewa na mtu wa aina hiyo kesho.

KARNIVALI YA JIRANI

Katika kutafuta habari za Brazil ndipo nilipokutana tena na jambo ambalo nilikuwa nalijua lakini sikuwa nimelitia katika hesabu za safari. Kule Unguja, tangu mwaka 2004, kuna tamasha liitwalo Sauti za Busara, ambalo kwa desturi hufanyika mwezi wa Februari, msimu ule ule wa karnivali. Wanamuziki kutoka pande zote za Afrika hupiga katika Ngome Kongwe, ile ngome ya kale iliyo mbele ya bustani ya Forodhani. Sharti lake kubwa ni kwamba muziki upigwe papo hapo. Wa kufungulia kanda na kuchezesha midomo hawana nafasi. Nalo hufunguliwa kwa gwaride la mitaani. Wanaandamana watu wa beni na matarumbeta yao, kina mama wa mwanandege na miavuli yao, wacheza sarakasi, watu wanaotembea juu ya miti mirefu, na hata vijana wa capoeira, ule mchezo wa Brazil ulio nusu ngoma na nusu mapigano. Kulitazama gwaride hakuna kiingilio.

Beni, msomaji, si jambo dogo katika habari hizi. Muda mrefu kabla sisi Waafrika Mashariki hatujaona samba katika televisheni, miji ya pwani ilikuwa na mashindano yanayofanana nayo sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita vyama vya beni vya Mombasa na Lamu vilishindana kwa sare, kwa vyeo vya kujitungia, kwa bendi na kwa nyimbo za kuumbuana, na watu walifilisika ili chama chao kisishindwe. Vita Kuu ya Kwanza vilipokuja, askari na wapagazi waliichukua beni wakaieneza bara, Tanganyika hadi Nyasaland. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975. Ukisoma habari za shule za samba kisha ukasoma za beni, utadhani ni watu wa ukoo mmoja waliopotezana.

Na pengine si kudhani tu. Wengi wa Waafrika waliopelekwa Brazil walitoka Angola, Kongo na pwani ya Magharibi, lakini katika karne ya kumi na tisa meli za watumwa zilitoka pia Msumbiji na Quelimane zikizunguka Rasi hadi Rio. Waliteremshwa katika gati la Valongo, ambalo tangu mwaka 2017 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Soko la watumwa la Unguja nalo lilifungwa mwaka 1873, na juu ya uwanja wake kukajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Mtu anayetoka Forodhani akatembea mpaka kanisa lile, atakuwa ameugusa upande wetu wa habari hiyo kwa miguu yake.

Nilipoyaeleza haya, kijana wetu wa Nairobi alikunja uso. Alitaka Brazil. Alisema Unguja ni karibu mno, kama mtu aliyeahidiwa harusi akapelekwa kwenye posa. Namwelewa. Lakini Brazil tungekwenda kutazama, na tungekwenda mmoja. Unguja tunaweza kwenda kumi na wawili, na obokano ndani ya basi.

NJIA, SABATO NA NGOZI

Kutoka Kisii unashuka Migori, unavuka mpaka Isebania na Sirari. Hapo ukiwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria huhitaji viza, maana Tanzania ni nchi ya Jumuiya. Pasipoti zetu tuliziombea ofisi ya Uhamiaji ya Kisii, si lazima tena kulala Nairobi. Kisha Tarime, Bunda, Mwanza. Halafu Shinyanga, Singida, Dodoma. Tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na vijana wanaitaka hiyo kwa moyo wote. Dar unapanda boti, na kwa muda wa saa mbili hivi uko Unguja. Wako wanaopendelea kupitia Nairobi na Mombasa, wavukie Lunga Lunga waende Tanga. Mimi nilipendekeza njia ya Sirari kwa sababu moja ya siri: inapita katikati ya Wakuria, ambao lugha yao ni ndugu ya Ekegusii na ambao wana kinubi chao chenye nyuzi nane, iritungu. Mzee anataka kulala kwao usiku mmoja. Anasema kuna mambo ya kuulizana.

Lililotuchosha kuliko njia ni Sabato. Zaidi ya nusu ya kikundi ni Waadventista. Jua likizama Ijumaa hawapigi wala hawachezi mpaka lizame Jumamosi, na tamasha lile hufanyika mwisho wa juma, siku ambazo kwao ndizo nzito. Mama mmoja alitamka kwa uchungu kidogo kwamba Wabrazil, na nguo zao zile, ndio waliomfaa mshika Sabato, kwa kuwa mashindano yao makubwa ni Jumapili hadi Jumanne! Tulicheka sana, lakini tatizo lilibaki. Hatimaye tulikubaliana kwamba wao watakuwa katika gwaride tu, ambalo kwa desturi huwa siku ya kwanza, alasiri, jua likiwa bado juu. Na yakitokea mambo ya Ijumaa usiku, Wakatoliki na wasiosali popote watayachukua. Waadventista watakaa malazini waimbe nyimbo zao. Nilijiuliza kama kikundi kinaweza kugawanyika namna hiyo kisiharibike. Mpaka sasa hakijaharibika.

Kalenda nayo ina mtego wa pili. Brazil wanahesabu kutoka Pasaka. Mpangaji wa safari ya Unguja lazima autazame pia mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, mwezi ukiandama, wakati ule ule ambao Rio watakuwa katika kilele chao. Unguja si mahali pa kupiga ngoma usiku wa mfungo. Kwa hiyo hakuna kukata tiketi kwa mazoea: unangoja wenye tamasha watangaze siku. Na hata wakitangaza, mambo huweza kuvunjika. Tamasha la mwaka 2016 lilifutwa kwa kukosa fedha. Rio yenyewe haikufanya karnivali mwaka 2021 kwa sababu ya Korona, na mwaka 2022 gwaride la shule liliahirishwa hadi Aprili. Tumekubaliana fedha zisitoke katika akaunti mpaka tarehe zitangazwe.

Halafu obokano lenyewe. Kwa msomaji asiyelijua, hicho ni kinubi kikubwa cha Abagusii, bakuli la mti kubwa kama karai la fundi, limewambwa ngozi, lina mikono miwili na mti wa juu unaoshika nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya mnyama. Leo wengi hutumia mshipi wa kuvulia samaki. Mpigaji huketi kigodani, chombo kikiegemea ardhini mbele yake. Sauti yake ni nzito, yenye mtetemo, na huisikii kwa masikio kabla hujaisikia tumboni. Nyatiti ya Wajaluo ni ndugu yake mdogo mwenye sauti kali zaidi.

Nilipomwuliza Mzee kama chombo kitaweza safari, hakunijibu siku hiyo. Wiki iliyofuata aliniita nyumbani kwake. "Mwanangu," alisema, "ngozi hii imezoea baridi ya hapa. Kule pwani unasema ni joto na maji hewani. Italegea kama ulimi wa mlevi." Nikamwambia hata wapiga samba wa zamani walikuwa na shida hiyo, wakichoma magazeti ili ngozi za ngoma zao zikaze kabla ya kupiga. Aliuliza magazeti gani. Nikasema yoyote. Alicheka mpaka akakohoa, akasema sasa amejua kazi ya maandishi yangu.

Lakini shauri lake lilikuwa zito kuliko mzaha. Nyuzi zilegezwe kabla ya kupanda basi. Chombo kifungwe katika blanketi, kisiwekwe juu ya gari penye jua. Na la muhimu kuliko yote, isichukuliwe ngozi moja. Iandaliwe ya pili, na aende mtu mwingine anayejua kuiwamba, kwa maana yeye ana zaidi ya miaka sabini na huenda Februari ikamkuta haamki. Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya kusema habari za mvua.

NANI ATAIBEBA

Hapo ndipo safari hii ilipoacha kuwa habari ya utalii. Katika kikundi chetu hapakuwa na mtu wa pili. Kina mama wanaimba, vijana wanacheza na kupiga kelele nzuri, lakini nyuzi nane zilikuwa za mtu mmoja. Wako wanamuziki wanaolipeleka obokano mbele ya watu wa mjini, kama Grandmaster Masese ambaye hulichanganya na mashairi, na heshima ni yao. Katika kijiji cha kawaida, hata hivyo, mzee akifa chombo huenda ukutani.

Yule kijana wa bodaboda aliyeitaka Brazil ndiye tuliyemtazamia kwanza. Alijaribu kwa wiki tatu akaacha. Alisema vidole vinauma na Mzee hana subira. Zote mbili ni kweli. Kisha akajitokeza msichana wa kidato cha tatu, mjukuu wa mmoja wa waimbaji, ambaye alikuwa akija na nyanya yake kubeba maji. Palitokea mjadala. Wazee wawili walisema obokano ni la wanaume na halijapata kushikwa na mwanamke katika ukoo wao. Mama Mwekahazina aliwauliza kama katika ukoo wao basi la kwenda Unguja lilipata kuonekana. Mzee mwenyewe alinyamaza mpaka wote wakachoka, ndipo akamwita msichana yule akamwambia alete kigoda.

Huko Salvador, mwaka 1949, wapakiaji mizigo wa bandarini walianzisha kundi la karnivali kwa jina la Gandhi, aliyekuwa ameuawa mwaka uliotangulia, wakavaa mashuka meupe. Mwaka 1974 watu weusi wa mtaa wa Curuzu wakaanzisha kundi lao, Ilê Aiyê, walipochoka kufungiwa milango na vyama vya wenye ngozi nyeupe. Hawa hawakuomba ruhusa ya desturi. Walianza, na desturi ikaja nyuma yao. Nilitaka kuwasomea wazee wale wawili habari hizi, lakini nikaona msichana amekwisha kuketi.

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo ninapoandika. Kikundi kitajaza maombi ya kupiga katika tamasha, pamoja na picha na sauti iliyorekodiwa, maana maombi hupokelewa miezi mingi kabla. Tukikataliwa, tutakwenda hivyo hivyo kutazama gwaride, watu kumi na wawili, na barua ya kuomba nafasi ya kutembea nalo tumekwisha kuiandika. Kila mwanachama ameahidi kuongeza sehemu ya bonasi ya Oktoba. Wanachama wanne walipinga. Walitaka fedha zinunue hema na viti vya kukodisha, biashara ambayo hapa kwetu haina hasara kwa jinsi misiba ilivyo mingi. Kura zao zimeandikwa. Mmoja wao amejitoa, akarudishiwa akiba yake yote siku hiyo hiyo.

Msichana sasa anazijua nyimbo tatu. Siku za shule huja Jumapili tu. Likizoni huja kila siku baada ya kuchuma majani. Mzee hamsifu. Wiki jana alimpa kisu, akamwonyesha namna ya kukwangua manyoya bila kuitoboa ngozi, naye akafanya kazi hiyo kuanzia asubuhi hadi saa nane. Ngozi hiyo ya pili imewambwa nyuma ya nyumba, juu ya vigingi, na watoto wamekatazwa kuisogelea.